Kuelekea Miaka 100 ya Klabu ya Ndege ya Afrika Mashariki

Mwaka 2027 Klabu ya Ndege ya Afrika Mashariki itatimiza miaka 100. Ilianzishwa Nairobi mwaka 1927 na watu wachache waliopenda kuruka, na makao yake hadi leo yako katika Kiwanja cha Ndege cha Wilson. Sisi wa Dodoma nasi tunahusika na kumbukumbu hii, kwa sababu usafiri wa anga wa nyanda za kati ulikua pamoja na marubani wa aina hiyo.

Enzi hizo urubani ulienea duniani kupitia klabu. Mfano ni Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uleule ulioinyang'anya Ujerumani Tanganyika, uliibana pia isiunde ndege za injini. Vijana wake, wengi wao wanafunzi wa vyuo, wakageukia glaida, ndege zisizo na injini. Walichonga mbao, wakayavika mabawa kitambaa, na mwaka 1920 wakakutana kwenye mlima Wasserkuppe kuzijaribu. Wenzi wa rubani walivuta kamba ya mpira wakikimbia kuelekea mteremkoni, kisha glaida ikafyatuka angani. Agosti 1922 Arthur Martens alikaa hewani zaidi ya saa moja kwa glaida ya Vampyr, iliyobuniwa chuoni Hannover.

Huku kwetu injini hazikukatazwa. Chombo kilichopendwa kilikuwa de Havilland Moth, ndege ndogo ya watu wawili yenye mabawa yanayokunjwa. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Mwaka 1931 Campbell Black alimwokoa Ernst Udet, rubani maarufu wa Kijerumani aliyekwama Sudan akirejea kutoka kupiga filamu ya wanyamapori Afrika Mashariki.

Kuruka kulikuwa na gharama yake. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka Voi, ikamuua yeye na Kamau, mtumishi wake. Kaburi la Finch Hatton lina mnara katika vilima vya Ngong, ilhali Kamau hutajwa mara chache. Klabu ilikuwa ya walowezi, na Waafrika walioifanyia kazi hawakuandikwa. Maadhimisho ya haki yatawataja wote.

Dodoma iliingia katika ramani ya anga Januari 1932, shirika la Imperial Airways lilipoifikisha njia yake ya London hadi Cape Town. Baada ya Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Mji ulikuwa tayari na Reli ya Kati, ukawa pia kituo cha barua za anga. Mwaka 1937 shirika hilo lilihamishia safari zake kwenye ndege kubwa za majini zilizopita pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Bara likabaki mikononi mwa ndege ndogo, zikiwamo za Wilson Airways, hadi vita vya 1939 vilipoisimamisha kampuni hiyo.

Lakini ndege ndogo hazikuondoka. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo leo ni Amref. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Dodoma nayo, kwa miaka mingi, ilikuwa kituo cha ndege za shirika la kimisionari la MAF, zilizowafikisha wahudumu wa afya vijijini kupima watoto na wajawazito. Mahali ambapo mvua hukata barabara, rubani mmoja na uwanja wa vumbi viliokoa maisha.

Sasa Dodoma ni makao makuu ya nchi, na kiwanja kikubwa cha Msalato kinajengwa. Kiwanja hicho kitaleta abiria, ila marubani na mafundi wetu lazima tuwalee wenyewe. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya bahari, na kiangazi hewa yenye joto hupanda kwa nguvu kutoka ardhini. Ndiyo inayowainua mwewe bila kupiga mbawa, na ndiyo iinuayo glaida. Chuo Kikuu cha Dodoma na shule zetu za ufundi zina vijana na karakana. Klabu ya kuunda na kujaribu glaida, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ingeanza pale wanafunzi wa Hannover walipoanzia, na mara hii mtoto wa Mgogo wa hapa Dodoma angekaa kwenye kiti cha rubani.