Seva ya nyumbani: Uraibu unaowafaa wakazi wa Busia na Malaba

MIJI ya Busia na Malaba hufahamika zaidi kwa misururu ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda. Katika miji iyo hiyo hupita nyaya za faiba zinazoipelekea Uganda, nchi isiyopakana na bahari, intaneti kutoka kwa nyaya za baharini zinazofika Mombasa.

Licha ya hayo, picha ambayo mkazi wa Malaba humtumia jirani yake kwa simu kwa kawaida hupitia seva za kampuni za kigeni kabla ya kurudi mtaani. Nyaraka za mfanyabiashara zilizohifadhiwa mtandaoni nazo hukaa katika kompyuta asizozijua, chini ya masharti yaliyoandikwa na wengine.

Seva ya nyumbani huifupisha safari hiyo. Ni kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, ikihifadhi picha, nyaraka, muziki na filamu za familia, na kuzigawa kwa simu na kompyuta zilizounganishwa na ruta ya nyumba hiyo. Kwa wengi wanaoiendesha, huo ni uraibu tu, lakini manufaa yake huonekana intaneti inapokatika.

Somo la KIXP

Wazo la kuyaweka mawasiliano ya nyumbani nyumbani si geni nchini Kenya. Kabla ya kituo cha KIXP, barua-pepe kati ya wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti jijini Nairobi ilipitia setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi.

KIXP kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka wa 2000 ili kampuni hizo zibadilishane mawasiliano papo hapo. Baada ya wiki chache, Tume ya Mawasiliano (CCK) iliamuru kifungwe kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa. Kilirejelea kazi Februari 2002.

Umuhimu wa kuwa na hifadhi ya karibu umedhihirika mara kadhaa tangu hapo. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 2021, serikali ya Uganda iliizima intaneti kwa takriban siku tano wakati wa uchaguzi mkuu.

Seva ya nyumbani hairejeshi intaneti iliyokatika. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba vilivyohifadhiwa ndani ya nyumba vinaendelea kupatikana humo.

Vifaa na umeme

Anayeanza hahitaji kununua mashine mpya. Kipakatalishi kikuukuu chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kinatosha, na betri yake hukiwezesha kustahimili umeme unapopotea kwa muda mfupi. Hata hivyo, betri iliyovimba haina budi kuondolewa mara moja kwa kuwa inaweza kuwaka moto. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2012.

Matumizi ya umeme yafaa kupigiwa hesabu mapema. Mashine ya wati 10 inayowaka saa 24 hutumia yuniti 7.2 kwa siku 30. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 100 hufikisha yuniti 72. Ruta nayo yahitaji betri yake, kwani ikizimika simu haziwezi kuifikia seva. Giza lililotanda karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023 lilionyesha kwamba betri ndogo pekee haitoshi, na kwamba mtambo wa sola ni akiba ya maana.

Programu

Programu nyingi za kazi hii ni huria na hazilipiwi. Mfumo wa Linux, kwa mfano Debian au Ubuntu, ndio msingi. Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka wa 2016, huhifadhi nyaraka, picha na kalenda. Jellyfin huonyesha filamu na kucheza muziki.

Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Nakala ya Kiingereza pamoja na picha huchukua takriban gigabaiti 100, ilhali ya Kiswahili ni ndogo mno kuliko hiyo. Ikishapakuliwa mara moja, wanafunzi wa nyumba nzima huisoma bila kununua bando.

Kuifikia seva kutoka nje ni kazi ngumu zaidi. Kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo seva haionekani kutoka nje. Wenye uzoefu hutumia WireGuard, programu inayounda njia ya siri kati ya simu na seva kwa kupitia kompyuta ya kukodi yenye anwani yake yenyewe. Programu hiyo huwafaa wakazi wa mpakani, ambako simu hunasa mawimbi ya Uganda ingawa mwenyewe yuko Kenya, kwa sababu njia hiyo haikatiki anwani ya simu inapobadilika.

Sheria na tahadhari

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiyagusi matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani pekee. Wakala wa forodha anayehifadhi nakala za pasipoti au vitambulisho vya wateja katika seva yake, kwa upande mwingine, anawajibika kuzilinda kisheria.

Hatari kubwa ni kupoteza kila kitu kwa siku moja. Magharibi mwa Kenya hupigwa na radi mara kwa mara, na wizi au diski iliyoharibika huleta hasara iyo hiyo. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa mfano, diski iliyofungwa kwa nywila na kuwekwa kwa ndugu Kisumu au Kakamega.

Nakala hizo hazina budi kufunguliwa kila baada ya miezi michache ili kuthibitisha kuwa zinasomeka.