Kabla hujasema "turudishe mlolongo"

Kila msimu wa kura za mchujo ukifika, mitandao hujaa sentensi moja: afadhali mlolongo. Watu wajipange nyuma ya mtu wao, wahesabiwe mchana peupe, mambo yaishe. Hasira hiyo naielewa. Ukiona karatasi za kura zinafika jioni, halafu watu wawili wanatembea na cheti cha uteuzi cha kiti kimoja, foleni inaanza kufanana na dawa. Lakini wadau, dawa hii tulishainywa. Tuikumbuke kidogo, na kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

Tuanzie 1969. Oktoba mwaka huo chama cha upinzani kilipigwa marufuku, na Desemba tukaenda kwa uchaguzi tukiwa na chama kimoja tu uwanjani. Kwa hivyo mchujo ndio ukawa uchaguzi wenyewe. Kura ilikuwa ya siri, na wabunge wengi wakapoteza viti, mawaziri wakiwemo. Sera hazikuwa na kazi hapo, maana wote walikuwa wa chama kilekile. Mpiga kura aliuliza: umetuletea nini? Shule ya harambee iko wapi, maji yako wapi, na mbona tangu tukuchague hatukuoni? Akauliza pia wewe ni wa ukoo gani. Kipimo hicho kina ubaya wake, na kwa maoni yangu ndicho kilichomgeuza mbunge wetu kuwa mtu wa kuchangisha pesa badala ya kutunga sheria. Lakini angalau fimbo ilikuwa mkononi mwa mwananchi, na aliitumia tena 1974 na 1979.

Mwaka wa 1986 chama tawala kikaamua wanachama wateue wagombea kwa kupiga foleni. Viongozi wa dini walipinga mapema, hawakusikizwa. Februari 1988 ikafika, watu wakasimama nyuma ya mwaniaji, au wakala wake, au picha yake.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo. Ananiambia hakuna aliyemtisha kwa mdomo. Alifika uwanjani akatazama tu: mwalimu mkuu wake kasimama upande ule, chifu yuko chini ya mti, na mwenye duka anayemkopesha unga yuko kwenye foleni ileile. Mtu aliyemtaka yeye alikuwa na foleni ya upande wa pili. "Ningesimama huko, Jumatatu ningefundisha wapi?" Akajiunga na wakubwa. Ukimuuliza leo alimchagua nani, anacheka.

Hapo ndipo wenzetu wa "uwazi" huwa wanaruka. Foleni haionyeshi mpiga kura anamtaka nani. Inaonyesha anamwogopa nani na anadaiwa na nani, kwa sababu anayekuajiri naye anaona. Kibarua wa shamba, mpangaji, mke ambaye mumewe ameshapita mbele, wote hao wanachagua wakiwa na macho mgongoni.

Halafu kuna hesabu. Foleni ikishatawanyika, ushahidi nao umeenda nyumbani kupika ugali. Hakuna debe la kufungua wala karatasi ya kuhesabu upya. Kuna nambari aliyoitangaza msimamizi, basi. Sehemu nyingi watu waliona kwa macho yao foleni fupi ikitangazwa mshindi, na hawakuwa na kitu cha kupeleka popote. Na ukipata asilimia 70 au zaidi, ulihesabiwa umepita bila kupingwa, kura ya siri ya Machi haikukuhusu tena. Hiyo asilimia 70 ni ya waliojitokeza kupiga foleni, si ya wapiga kura waliosajiliwa. Wakijitokeza wachache, wachache hao wamekupa ubunge.

Malalamiko yalizidi hadi Desemba 1990 chama chenyewe kikaachana na foleni pamoja na sheria ya asilimia 70. Mwaka uliofuata mfumo wa chama kimoja nao ukaondoka.

Lakini ule mchujo wa kuwa ndio uchaguzi haukuondoka. Kwenye ngome, mwenye tikiti ya chama cha nyumbani ameshashinda miezi kadhaa kabla ya Agosti, hasa watu wakipiga suti kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Ndiyo maana mchujo unapiganiwa namna hii, na ndiyo maana mpiga kura wa ngome anajiuliza mambo mawili kwa pamoja: nani ametufaa, na nani anasikizwa na mkubwa wa chama? La pili likishinda, usishangae.

Katiba ya 2010 inataka kura ya siri, Kifungu cha 81. Mimi ningependa kelele zote za mlolongo zihamie kwenye sajili ya wanachama, kwa sababu siku hizi wizi unaweza kuanzia hapo: nani yuko kwenye orodha, na nani aliingizwa bila kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliangalia kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Wewe umeshaangalia uko chama gani?