Tabibu na Mabingwa

Mwaka 157 tabibu wa miaka 28 alikuwa amerudi kwao Pergamon, mji ulioko leo magharibi mwa Uturuki, baada ya masomo yaliyomfikisha hadi Aleksandria. Jina lake Galen. Vitabu vya tiba vya Kiarabu humwita Jalinusi. Kuhani mkuu wa mji alimkabidhi magladieta, wapiganaji waliokatana kwa panga mbele ya umati. Galen akawa anawashona mishipa na misuli na kuwapangia chakula. Miili iliyotazamwa na umati, yeye aliiona ikiwa wazi hadi ndani.

Maandishi ya tabibu Mgiriki Hippocrates, ya zaidi ya karne tano kabla yake, yalikwisha kuonya kuwa mwili wa mwanamichezo ukifika kileleni umo hatarini: hauwezi kupanda tena wala kutulia, kwa hiyo hushuka. Galen alilishika wazo hilo akalinoa. Kwake afya ilikuwa uwiano wa joto, baridi, ukavu na unyevu, unaomwezesha mtu kufanya shughuli zake bila maumivu. Lakini wanamieleka walilishwa nyama kwa kushurutishwa, wakalala, wakazoezwa, wakalala tena. Akawafananisha na nguruwe. Hata mwanamieleka Milo wa Croton, aliyesifiwa kwa kuzunguka uwanja na fahali mabegani, Galen alimcheka: fahali mwenyewe, alipokuwa hai, aliubeba mwili huohuo bila taabu.

Lakini Galen hakuwa hakimu asiye na upande. Makocha na matabibu waligombea wateja walewale, naye alishikilia kwamba afya ni mamlaka ya tabibu, kocha amfuate. Na mieleka hakuiacha. Akiwa na miaka 35 aliumia bega uwanjani; waliokuwa pale wakauvuta mkono wakidhani umeteguka, mpaka mgonjwa mwenyewe alipotambua kwamba ni mtulinga uliobanduka kutoka begani, akawaamuru waache.

Mchezo aliousifu kwa moyo wote ni wa mpira mdogo. Hauna gharama, hata maskini anaumudu. Unatumikisha viungo vyote na haumvunji mtu.

Makocha walipata mtetezi katika karne ya 3. Mwandishi Philostratus aliandika kitabu kizima akidai kwamba ukocha ni hekima kamili, na kwamba matabibu ndio waliowadekeza wanamichezo kwa samaki na mikate laini. Hata hivyo hakuwaficha makocha wabaya. Anamsimulia Gerenus, mwanamieleka wa Naukratis, Misri, aliyeshinda katika michezo ya Olympia akasherehekea kwa pombe. Aliporudi mazoezini alimwambia kocha wake kuwa tumbo halijatulia. Kocha alikuwa na ratiba yake ya siku nne, isiyobadilishwa kwa ajili ya mtu. Akamzoeza kwa hasira, na Gerenus akafa palepale mazoezini.