Mkungu na Mkrismasi: Mgeni ni Upi?

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na Jambiani ni kimojawapo, iko miti miwili ambayo kila mwaka huvua majani yake mbele za watu. Mnazi haujui uchi. Mwembe hali kadhalika, na mkarafuu wa mashamba ya upande wa pili wa kisiwa. Mbuyu na msufi hupukutika, ni kweli, lakini hakuna apandaye mbuyu kwa ajili ya kupamba ua. Mkungu na mkrismasi ndiyo miti ambayo watu huipanda karibu na mlango kwa kivuli na kwa kupendeza macho, kisha ikawalazimisha kushika ufagio wa chelewa na kujiuliza kama walifanya hesabu njema.

Ulinganisho wa miti hii aghalabu huanzia kwenye uzuri na humalizikia kwenye asili. Mkungu, husemwa, ni wetu, mkrismasi umeletwa. Maneno hayo mawili, mwenyeji na mgeni, yamewahi kubebeshwa Unguja mizigo mizito kuliko majani ya miti, na pengine ndiyo sababu yastahili kupimwa hata yanapotamkwa bustanini.

Mkungu husimama penye mchanga, karibu na diko, pale ambapo wavuvi huvuta ngalawa zao na wazee huweka baraza. Matawi yake hutanuka kwa matabaka, moja juu ya jingine, mfano wa nyumba ya ghorofa isiyo na kuta, na kila tabaka hutandaza majani mapana yasiyopitisha jua. Upepo wa chumvi hauudhuru. Mara moja au mbili kwa mwaka, kiangazi kinapokaza, majani hayo hugeuka manjano, kisha mekundu ya damu ya mzee, kisha huanguka. Mikungu miwili iliyosimama bega kwa bega yaweza isikubaliane tarehe: mmoja umewaka, mwenzake bado kijani. Ua lake ni dogo, jeupe, na hakuna mtu aliyepata kulisifu. Pambo la mkungu ni jani linalokufa.

Tunda lake, kungu, huliwa nyama yake ya juu na popo na watoto. Kisha watoto huponda kokwa kwa jiwe ili kupata kiini chembamba chenye ladha ya lozi, ndiyo maana Waingereza wakauita mlozi wa India. Kokwa hilo lina ganda jepesi kama kizibo, nalo huelea baharini kwa muda mrefu bila ya kuoza. Baada ya mlipuko wa Krakatau wa mwaka 1883 kuteketeza mimea ya visiwa vile, mkungu ulikuwa miongoni mwa miti ya pwani iliyorudi kuota huko, kwa kuletwa na mawimbi na popo. Mti wenye mbegu ya namna hiyo hauhitaji hati ya kusafiria.

Sasa, kwao ni wapi? Linnaeus alipouandika mwaka 1767 aliupa jina la pili la *catappa*, kutokana na neno la Kimalei *ketapang*. Jina lenyewe laonyesha upande ulikotazamwa. Asili yake huhesabiwa kuwa pwani za Asia ya kusini na kusini mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na wako wataalamu wanaoitia na Madagaska katika hesabu hiyo. Pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida huwekwa katika orodha ya mahali mti ulipofika ukazoea. Bahari ya Hindi ilikuwa na wasafiri wa kutosha. Watu wa asili ya visiwa vya Kimalei walikwisha vuka na kufanya makazi Bukini, kama Waswahili wa zamani walivyoiita Madagaska, na utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2016 uliwaona mpunga na choroko za Kiasia katika makazi ya kale ya Ngazija na jirani zake pamoja na Bukini. Kama kungu lilikuja chomboni au lilielea lenyewe, mikungu haisemi. Mwenyeji huyu, basi, ni mgeni aliyekaa muda mrefu kiasi cha kusahauliwa safari yake.

Mkrismasi ni kisa kingine, na kisa chake kina majina na tarehe. Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Morisi, alizuru Bukini mwaka 1822. Huko, Foulpointe katika pwani ya mashariki, aliuona mti umepandwa, umejaa maua mekundu yenye petali nne za moto na ya tano yenye michirizi myeupe na manjano. Mwaka 1824 Bojer huyo huyo alifika pwani yetu, na Unguja ikiwemo, akikusanya mimea. Mwaka 1829 mti wake ulitangazwa Uingereza katika jarida la mimea la Curtis, kwa jina lenye maana ya ufalme: *regia*. Kutoka bustani za Morisi mbegu zake zilitapakaa katika nchi zote za joto, katika njia zile zile zilizopitisha magavana, makonsuli na barua zao. John Kirk, konsuli wa Uingereza aliyeingia Unguja mwaka 1866 na aliyejenga bustani yake Mbweni, alikuwa mmoja wa watu wa aina hiyo: mkono mmoja siasa, mkono wa pili miche. Kufikia mwaka 1949, R. O. Williams alipochapisha kitabu chake juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, kupanda mti kwa ajili ya ua tu kulikwisha kuwa jambo la kawaida mjini, penye barabara na nyumba za maofisa.

Jina nalo lina historia yake. Wafaransa waliuita *flamboyant*, mti wa kuwaka. Huko Morisi watu waliuita shada la mwaka mpya, na Waswahili wengi wakauita mkrismasi, kwa sababu huchanua kaskazi inapoingia, Novemba hadi Januari. Kijiji cha Waislamu, chenye kuhesabu mwaka wake kwa Ramadhani na kwa Mwaka Kogwa wa jirani zao wa Makunduchi, hutaja sikukuu ya watu wengine kila kinapoelekeza nyumba iliyo chini ya mti ule, wala hapana anayeona ajabu. Hivyo ndivyo lugha inavyomzoea mgeni: humwita kwa siku aliyoonekana mlangoni.

Lakini jambo la ajabu zaidi limo ardhini. Kwa zaidi ya karne nzima baada ya Bojer, mti uliopandwa katika kila mji wa joto haukujulikana pori lake. Ni katika miaka ya 1930 ndipo wataalamu walipoufikia ukiota wenyewe, katika misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa Madagaska, juu ya miamba ya chokaa iliyochongoka kama meno ya msumeno. Mti wa kifalme, kipenzi cha bustani zenye kumwagiliwa maji, ulikuwa mtoto wa mawe na kiu. Misitu hiyo hivi leo hupungua kwa moto na kwa makaa, huku mti wenyewe ukisitawi katika nyua za watu wasioijua Bukini.

Na Jambiani ni nini, kama si mwamba wa chokaa? Upande wote ule wa kisiwa ni maweni: matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, yenye udongo kiganja kimoja humu na kiganja kimoja mle. Wakulima hutafuta mashimo ya kutia mbegu, na riziki kubwa hutoka baharini, kwa uvuvi, kwa makumbi yanayofukiwa mchangani ili yapate kusokotwa kamba, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mwani unaolimwa zaidi na wanawake. Mkrismasi katika ardhi hiyo haukuletwa ugenini. Umeletwa katika jiwe linalofanana na la kwao, kutoka kisiwa kilicho karibu zaidi kuliko nchi za *ketapang*, ila kwa njia ndefu iliyozunguka kupitia Morisi na vitabu vya London.

Haya hayaufanyi kuwa bora. Mizizi yake hutambaa juu juu na huinua sakafu na kupasua kuta za ua. Matawi yake ni mepesi kukatika upepo unapochafuka, na chumvi ya pwani haiupendezi. Kwa hiyo hupandwa nyuma ya nyumba, mbali na kuta na mbali na tangi la maji. Kivuli chake ni cha nyuzi, jua hupenya; unapokuwa mtupu, maganda yake marefu, mengine yakifikia sentimita 60, hubaki yakining'inia na kugongana katika kusi, na watoto huyachuma kufanya kayamba. Anayetaka mahali pa kukaa adhuhuri na apande mkungu, tena upande wa bahari, na anayeukata mkungu huo ili wageni wa hoteli waone maji vizuri zaidi ajue amekata pia kilichokuwa kikishika mchanga.

Ziko taka, mwishowe, na hapa miti hii hupishana kwa namna ambayo akina mama wa Jambiani huijua kuliko mtaalamu yeyote. Vijani vya mkrismasi ni kama vumbi: upepo huvichukua, na visivyochukuliwa huyeyuka mchangani. Jani la mkungu ni kubwa, gumu, na huchelewa kuoza. Hufagiwa alfajiri kabla ya mwani kuanikwa, hukusanywa shinani, kisha huachwa hapo. Na mahali ambapo udongo haupatikani hata kwa jembe, chungu hilo la majani, likikaa misimu kadhaa, hupata kina cha kutosha kuotesha mpapai.