Lorian: Ziwa Lisilokuwako

Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler na mwenziwe Ludwig von Höhnel waliondoka pwani, na baadaye wakaufuata mto Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki. Walikuwa wamesikia habari za Lorian, iliyo kaskazini ya Garissa, wakatumaini kukuta ziwa kubwa. Walilolikuta ni bonde la nyasi na matope. Ramani za Kiingereza zimepaandika mahali hapo "swamp", yaani kinamasi: nchi tambarare iliyolowa, isiyo ziwa wala nchi kavu.

Neno hilo ni bora kuliko "ziwa", lakini nalo lina hila yake. Mwanafunzi alisomapo hudhani kwamba maji yapo siku zote. Sivyo! Mvua ikikosa huko Mlima Kenya na Nyandarua, mto hukauka kabla ya kufika, na Lorian ikawa vumbi na nyufa. Mvua ikizidi, kinamasi hufurika, na maji yakashika njia ya Lagh Dera kuelekea Somalia. Kwa hiyo mfugaji huuliza kwanza kama mto umefika, ndipo awaswage ngamia wake kwenda huko.