Robert Sternberg na watoto wa Usenge

Wiki hii naandika programu ya mitihani kwa shule kadhaa za Kitale na Bungoma, na kila nikipanga alama namkumbuka Mmarekani mmoja.

Robert Sternberg alizaliwa mwaka 1949 kule Newark, New Jersey. Utotoni alifeli mitihani ya kupima akili kwa sababu ya woga tu. Akasoma Yale, akapata udaktari Stanford mwaka 1975, akarudi Yale kufundisha kwa miaka 30. Mwaka 1985 alitoa Beyond IQ: akili ni kuchanganua, kubuni, na pia kujua kuishi unapoishi.

Hilo la tatu lilipimwa hapa kusini mwetu, Usenge, kando ya ziwa. Yeye na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwauliza watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 habari za miti shamba: dawa gani, ya ugonjwa gani, kiasi gani. Si mchezo, maana watoto hao huugua malaria na minyoo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua dawa zaidi ndio, kwa jumla, waliopata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza! Watafiti walidhani familia nyingine ziliona elimu ya kijijini ina faida kuliko ya darasani.

Programu yangu ina safu moja ya alama. Naongeza ya pili, mwalimu aandike mtoto anajua nini nje ya darasa. Mteja mmoja ameshauliza itajumlishwaje.