Swichi za Kauri, Vikombe vya Reli: Kusoma Umri wa Umeme Kisarawe na Kibaha

Umri wa nyumba ya zamani hutafutwa kwenye kuta, milango na mabati. Waya hausemwi. Ukarabati unapoanza, fundi umeme hung'oa swichi na soketi kuukuu, akazitia kwenye ndoo, na kabla ya juma kwisha ndoo iko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya shaba iliyomo. Shaba ikiondoka, unaondoka nayo ushahidi wa lini nyumba ile iliwashwa taa, na nani aliyeiwasha.

Kwa Kisarawe na Kibaha, nje ya jiji la Dar es Salaam, ushahidi huo una uzito zaidi kuliko jijini kwenyewe. Jiji lina tarehe zake: umeme wa kwanza wa Tanganyika uliwashwa huko mwaka 1908 chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wakoloni. Waingereza waliuchukua mwaka 1920 wakauendesha kama idara ya serikali, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni mbili binafsi, DARESCO kwa Dar es Salaam na miji ya Reli ya Kati, TANESCO kwa upande wa Tanga. Nje ya miji, nyumba ilisubiri. Mwenye uwezo alinunua jenereta. Wengine wote waliwasha chemli, karabai au kibatari.

Ndiyo maana huku kuta na waya ni nadra kuwa na umri mmoja. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890, kabla hata Dar es Salaam haijawa na taa ya umeme. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya Kianglikana ya UMCA kilihamia Minaki kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Anayekuta swichi kwenye ukuta wa zama hizo asiupe ukuta umri wa swichi, wala swichi umri wa ukuta. Na ile ndoano nene ya chuma katikati ya dari, ambayo wengi hudhani ilishikilia feni, huenda ilikuwa ya kuning'inizia karabai.

Kuna vitu vingine vinavyochanganya zaidi, navyo ni vikombe vya kauri. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Pugu, Soga na Ruvu, na kufika Morogoro mwaka 1907. Sambamba na reli zilikwenda nguzo za simu ya maandishi, na kila waya wake ulikalia kikombe cha kauri. Kikombe cha namna hiyo kina tundu lenye hesi kwa ndani, mahali palipoingia pini ya chuma, na shingoni kina mfereji wa kufungia waya. Kikiokotwa uani kwa mtu wa Soga, kisichukuliwe kuwa dalili kwamba nyumba ilikuwa na umeme zamani. Kilibeba habari, hakikubeba taa.

Kauri ya ndani ya nyumba ina umbo jingine. Mafundi wa Kijerumani walipenda vigurudumu vidogo vyenye tundu lililopenya katikati kwa ajili ya skrubu. Nyaya mbili zilizovikwa raba na nguo zilisokotwa pamoja kama ukili, zikavutwa kutoka kigurudumu hadi kigurudumu juu ya ukuta, wazi kabisa, kila mtu akiziona. Waingereza walikuwa na njia zao: vibanio vya kauri vya vipande viwili, mifereji ya mbao yenye kifuniko, waya wenye ganda la risasi, na baadaye mabomba ya chuma. Swichi yao ya awali ni kitako cha kauri kilichofunikwa kwa kikofia cha shaba ya njano na kukaa juu ya kibao cha mbao cha mviringo. Ile ya Kijerumani mara nyingi ni ya kuzungusha, kama ufunguo wa saa ya ukutani.

Ushahidi ulio bora umo nyuma ya kifaa. Herufi D.R.P. ni alama ya hataza ya Dola ya Ujerumani, iliyotumika kuanzia 1877 hadi 1945, na D.R.G.M. ni alama ya miundo midogo iliyosajiliwa tangu 1891. Kifaa cha Kiingereza kinaweza kuwa na "Rd. No." na tarakimu zake. Usajili huo ulianza upya kwa namba moja mwaka 1884, na kwa kuwa namba zilifuatana, mwaka wa muundo hupatikana. Jina la Crabtree, kampuni ya Walsall iliyoanzishwa mwaka 1919, linatosha kuondoa dhana kwamba swichi ni ya enzi ya Mjerumani. Kinyume chake hakina uhakika. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925, na bidhaa za kwao ziliuzwa duniani kote kati ya vita mbili kuu, kwa hiyo D.R.G.M. peke yake haithibitishi kwamba kifaa kiliwekwa kabla ya 1914. Anayetangaza "swichi ya Mjerumani" kwa kuona herufi nne tu anafanya haraka.

Malighafi nayo hushuhudia. Bekilaiti, plastiki ngumu ya kahawia au nyeusi, ilitangazwa na Leo Baekeland mwaka 1909, ikaenea kwenye swichi katika miaka ya 1920 na 1930. Soketi ya Kiingereza ya matundu ya mviringo mara nyingi inafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1934. Ile ya matundu ya mstatili, ambayo Tanzania inaitumia hadi leo, ni ya mwaka 1947. Mita yenye jina la DARESCO ni ya kabla ya DARESCO na TANESCO kuunganishwa; serikali ilianza kununua hisa zao mwaka 1964 na kufikia 1975 ilimiliki zote.

Kibaha swali linageuka. Majengo yake makubwa ya kihistoria hayana waya uliopachikwa baadaye. Mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika, ulioafikiwa mwaka 1963, ulijenga shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, ukakabidhiwa kwa Tanzania tarehe 10 Januari 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hapo umeme ulikuwamo kwenye ramani tangu mwanzo, na majengo yake ya kwanza yamepita miaka 60, umri unaotosha kuanza kukaguliwa kwa heshima ya urithi. Cha kuchunguza ni kifaa kilitoka wapi: holda ya skrubu ni desturi ya Ulaya bara na Skandinavia, holda ya pini ni desturi ya Mwingereza.

Asili hiyo si udadisi wa wanahistoria tu. Kwa mfumo wa zamani wa Uingereza, waya mwekundu ni wa moto. Kwa mfumo wa zamani wa Ujerumani, na wa Sweden pia, mwekundu ulikuwa waya wa ardhini. Fundi anayeamini rangi katika jengo lenye mkono wa zaidi ya nchi moja anacheza na roho yake; aamini tesita. Hatari nyingine imo kwenye boksi za fyuzi za kauri zilizofungwa kwenye moto na kwenye nyutro pia. Fyuzi ya nyutro ikikatika, taa inazima, kila kitu kinaonekana kimekufa, kumbe waya wa moto bado uko hai mpaka kwenye holda. Raba ya zamani, baada ya miongo kadhaa ya joto la darini, hupasuka ikikunjwa na kuiacha shaba uchi. Baadhi ya bodi za fyuzi zina asbesto. Zisikatwe kwa msumeno wala kupigwa randa.

Kwa hiyo waya wa zamani uondolewe. Hilo halina mjadala, na mwenye nyumba anayetaka kuuwasha tena "kwa ajili ya historia" azuiwe. Kinachostahili kubaki ni vifaa vyenyewe. Kikofia cha shaba na kitako cha kauri vinaweza kurudishwa ukutani bila kuunganishwa, na swichi mpya ikawekwa pembeni.

Sheria haitaisaidia kazi hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo na vitu vya kabla ya 1863, na inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Swichi ya mwaka 1930 haimo, isipokuwa jengo lake limetangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Wanaoweza kuiokoa ni mwenye nyumba na fundi wake. Basi kabla ndoo haijapelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, zimeni meinswichi, pimeni, kisha pigeni picha ya kila kifaa mbele na nyuma kikiwa bado ukutani na baada ya kung'olewa, andikeni kilikuwa chumba gani na kimo gani, na wekeni kimoja cha kila aina kwenye boksi lenye jina la nyumba.